Jibu: kwa nini mapafu ya panya yana matawi, bomba la hewa halina

Mdogo wangu wa Chumbageni, umeuliza vipi mapafu ya kiinitete cha panya yachipue matawi ilhali bomba la hewa, lenye utando kutoka tabaka lilelile la ndani (moja ya matabaka ya seli ambayo kiinitete huanza nayo), halichipui.

Amri inatoka kwa jirani: tishu ya tabaka la kati inayouzunguka utando huo. Watafiti waliitoa kwenye ncha za mapafu wakaibandika kwenye bomba, nalo likachipua! Walipofanya kinyume, wakabandika tishu ya bomba kwenye mapafu, yakaacha kuchipua. Tishu hiyo ya ncha za mapafu hutoa protini ya FGF10, ndiyo ishara ya kuchipua. Panya asiye na jeni yake huzaliwa na bomba, mapafu hana, akafa palepale. Utando nao si bubu, hurudisha ishara kuidhibiti FGF10.

Kwa hiyo ule mchoro wa shuleni, "tabaka hili, kiungo hiki", mimi naona unapotosha.