Re: Ngozi yangu huwasha haraka, nianze na bidhaa gani za Korea au Japani?

Pole dada. Zile hatua 10 za Wakorea za kutunza ngozi achana nazo kwanza. Tafuta sabuni laini ya uso isiyo na manukato, yenye pH (kipimo cha asidi) karibu 5.5, kwa sababu ngozi yenyewe ina asidi kidogo, na sabuni nyingi za kipande huivuruga, ndiyo maana uso hukaza ukishanawa. Kisha krimu yenye seramaidi, yaani mafuta ya asili ya ngozi yanayoshika unyevu. Mchana paka kinga ya jua: alama za PA za Kijapani hupima kinga dhidi ya UVA, miale ya jua inayopenya ndani ya ngozi, na PA++++ ndiyo ya juu. Sifongo ya konjaki (ya kunawia uso, hutengenezwa kwa kiazi cha mmea huo) iloweke mpaka ilainike, usisugue nayo kwa nguvu. Na tafadhali, kila kipya kijaribu kwanza kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono, siku kadhaa.