Serikali imewasamehe waasi waliomuua kaka yangu. Je, nami nalazimika kusamehe?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Miaka kadhaa iliyopita kaka yangu alikuwa abiria kwenye basi lililosimamishwa na waasi. Waliwateremsha wanaume, wakawapanga kando ya barabara, wakawapiga risasi. Sasa serikali imekaa na waasi hao mezani, mkataba umetiwa saini, na kila atakayeweka silaha chini ameahidiwa msamaha. Ijumaa iliyopita khatibu alisema anayenung'unikia mkataba huu anapinga amri ya Mwenyezi Mungu. Je, sheria inaruhusu kujadiliana na watu kama hawa? Nina dhambi nikishindwa kuwasamehe? Na mmoja wao akirudi mtaani akanitolea salamu, nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako, ailaze roho yake mahali pema, na akupe subira dada yangu.

Mazungumzo yenyewe ni halali, na damu inapoendelea kumwagika huwa ni wajibu. Mwenyezi Mungu amesema katika Surat al-Hujurat, aya ya 9: "Na makundi mawili ya Waumini yakipigana, yapatanisheni. Na moja likilidhulumu jingine, lipigeni linalodhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Likirejea, yapatanisheni kwa uadilifu, na tendeni haki."

Itazame aya hii kwa utulivu. Suluhu imeamrishwa mara mbili. Mara ya kwanza, kabla ya kulipiga kundi linalodhulumu, imesemwa tu "yapatanisheni". Mara ya pili, baada ya watu kuuana, limeongezwa sharti la uadilifu, kisha likatiliwa mkazo: "na tendeni haki". Wafasiri wameeleza kwamba baada ya vita nyoyo zina machungu, na mpatanishi huwa na haraka ya kumaliza, kwa hiyo ni rahisi haki ya mnyonge kupotea mezani. Khatibu wenu amesema kweli kuhusu nusu ya kwanza ya aya. Nusu ya pili ni yako wewe, na hakupaswa kuiacha.

Watu wengi hutolea mfano mkataba wa amani wa Hudaybiya, alioufunga Mtume (s.a.w.) mwaka wa 6 Hijria. Ni mfano mzuri wa subira, lakini ule ulikuwa mkataba na Makuraishi, watu wa mji mwingine na dini nyingine. Kuhusu waasi wa ndani, mwalimu wetu ni Sayyidna Ali (r.a.), khalifa wa nne. Makhawarij, kundi lililomwasi, walipojitenga naye wakakusanyika mahali paitwapo Harura, hakuanza kwa upanga. Alimtuma mwanazuoni Ibn Abbas (r.a.), binamu yake, naye akakaa nao na kuwauliza: mna malalamiko gani? Wakataja matatu, akayajibu moja baada ya jingine kwa Qur'ani na Sunna. Riwaya moja inasema watu 2,000 walirejea siku hiyo. Na waliobaki, Sayyidna Ali aliwaahidi kwamba hatawazuia kuingia misikitini, na hatawaanza kwa vita maadamu hawajamwaga damu.

Kisha likatokea jambo linalofanana mno na msiba wako. Abdullah bin Khabbab, mtoto wa Sahaba, alikuwa msafiri njiani na mwanamke wake mjamzito. Makhawarij wakawakamata wakawaua wote wawili. Hapo Sayyidna Ali alidai jambo moja kabla ya vita: tukabidhini waliowaua, tuwalipizie kisasi. Wakajibu: sisi sote tumewaua. Vita vya Nahrawan vikafuata. Kiongozi yule yule aliyevumilia kutukanwa na kukufurishwa hakukubali kuifanya damu ya mpita njia kuwa bei ya amani.

Ndipo mafakihi, wanazuoni wa sheria, wakatofautisha. Damu iliyomwagika vitani, baina ya wenye silaha wa pande mbili ambao kila mmoja anadai ana hoja, wanazuoni walio wengi wanaona haina kisasi wala fidia baada ya suluhu. Imam az-Zuhri alinukuu kwamba Masahaba waliafikiana hivyo baada ya fitna kubwa, yaani vita vya Waislamu wenyewe kwa wenyewe, la sivyo vita visingekwisha. Lakini kuteremsha abiria wasio na silaha na kuwaua hakuingii humo. Hayo ni matendo ya haraba, yaani kuwavamia wapita njia kwa silaha. Aya ya 34 ya Surat al-Maida inamfungulia mlango wa toba atakayetubu kabla hajakamatwa, ila wanazuoni wengi wamebainisha kwamba toba hiyo huondoa haki ya Mwenyezi Mungu, si haki ya waja. Haki ya damu ya kaka yako iko kwa mawalii wake, yaani jamaa zake wanaomrithi. Serikali ina mamlaka ya kusimamisha vita na kusamehe kosa la kuiasi. Kusamehe kwa niaba ya mawalii haikupewa.

Kwa hiyo unaweza kuunga mkono mkataba na wakati huo huo kudai haki. Anayekwambia uchague moja amekukosea. Ila usilipize kwa mkono wako, wala usimchochee kijana yeyote wa nyumbani kwenu. Kisasi hupita kwa kadhi na dola, na aya ya 33 ya Surat al-Israa inamkataza walii kupindukia mipaka.

Na kama muuaji hajulikani? Abdullah bin Sahl alikutwa ameuawa Khaybar na aliyemuua hakuthibitika. Mtume (s.a.w.) alichukia damu yake ipotee bure, akalipa mwenyewe diya, yaani fidia ya damu, ya ngamia 100. Ishikilieni hadithi hii, nyinyi familia za waliouawa. Iendeeni serikali pamoja na mdai diya kutoka hazina ya umma, na mdai mambo haya yaandikwe ndani ya mkataba kwa tarehe, maana yasiyo na tarehe husahaulika. Mkataba wa Aceh, Indonesia, uliotiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005, ulimaliza vita vya karibu miaka 30, na hilo ni kheri kubwa. Uliahidi pia tume ya ukweli na maridhiano. Wajumbe wake waliapishwa mwaka 2016. Wapo wazazi waliofariki wakingoja kusikilizwa.

Ama kusamehe, huna dhambi usiposamehe. Surat ash-Shura, aya ya 40, inamwahidi mwenye kusamehe na kusuluhisha kwamba ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Aya inayofuata inasema anayedai haki baada ya kudhulumiwa hana lawama. Msamaha una daraja kubwa, nami nakuombea uufikie, lakini haulazimishwi kwenye mimbari.

La mwisho, salamu. Kuitikia salamu ya Mwislamu ni wajibu, hata kama unatamka huku moyo unauma. Si lazima uongeze neno, wala kumkaribisha ndani. Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.), aliposilimu na kumjia Mtume (s.a.w.), Mtume alimkubali, hakumgusa wala hakumwacha aguswe. Lakini alimwomba, kama anaweza, asimwonyeshe uso wake. Ikiwa Mtume wa rehema alihitaji umbali huo na muuaji wa ami yake, basi nawe unaweza kupita upande wa pili wa njia bila kujilaumu.

Wallahu aalam.