Kukaza mapaja bila kwenda jimu

Dada, umeuliza utapunguzaje kilo 4 na kukaza mapaja na makalio bila jimu. Kwanza sahau kuchoma mafuta ya mapaja peke yake. Mwili hupunguza pale unapotaka wenyewe. Unachoweza kuchagua ni misuli ipi uijenge.

Na kwa kuwa uko Mbeya, vilima viko mlangoni. Panda kwa mwendo wa kukufanya uongee kwa kukatakata, dakika 30, mara 4 kwa wiki. Kuteremka nenda polepole, magoti yasije yakalalamika. Siku 3 piga skwati: miguu upana wa mabega, sukuma makalio nyuma kama unayetafuta kigoda, visigino visinyanyuke. Piga 12, pumzika, rudia mara 3. Ukizizoea, kumbatia dumu la maji la lita 5.

Ugali usiuache, punguza tonge, ongeza maharage na mboga. Parachichi nusu inatosha. Ila ile chai ya maziwa ya sukari vijiko vitatu, kila baridi ikizidi, ndiyo inayowaponza wengi huku! Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kama una mimba au goti bovu, muone daktari kabla ya kuanza.