Mchango wa Desemba na kodi ya duka
Wenye maduka huuliza kama mchango wa duka kwa kituo cha yatima unapunguza kodi. Ndiyo, unapunguza, ila kwa kikomo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinaruhusu kuondoa mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi asilimia 2 tu ya mapato ya biashara (faida, si mauzo yote). Na kituo kiwe kimetambuliwa na Kamishna wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kama taasisi ya hisani. Cheti cha NGO pekee hakitoshi, hapo ndipo wateja wangu wa Kariakoo hukwama. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio hapati kitu, maana anatozwa kwa mauzo, si kwa faida. Wa mshahara naye, PAYE yake (kodi inayokatwa kwenye mshahara) iko palepale hata akichangia. Mwaka wa kodi kwa wengi unafungwa 31 Desemba, kwa hiyo risiti ya Januari inahesabiwa mwaka unaofuata.