Barua kwa mwanangu: Engelbert wa Köln, askofu na mtawala

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza, baada ya kusimama mbele ya sanduku la masalia ya Engelbert katika Kanisa Kuu la Köln, Ujerumani, inakuwaje askofu awe pia mtawala mwenye majeshi, na kama mtu aliyeuawa kwa ugomvi wa mali anastahili kuheshimiwa kama shahidi.

Anza na ukoo wake. Alizaliwa mwaka 1185 au 1186 katika nyumba ya watawala wa Berg, eneo la magharibi mwa Ujerumani. Kaka yake Adolf ndiye aliyerithi nchi, naye Engelbert akapelekwa kanisani. Kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa tayari na cheo kikubwa katika Kanisa Kuu la Köln, na cheo hicho alikipata kwa ukoo wake, si kwa sala zake. Mwaka 1206 Papa alimtenga na Kanisa kwa sababu alimuunga mkono binamu yake, Askofu Mkuu Adolf wa Altena, katika mapambano ya kugombea kiti cha ufalme wa Ujerumani. Baadaye akasamehewa, na mwaka 1212 akaenda kupigana na Wakathari, kundi la Wakristo ambao Kanisa liliwaona wazushi, kusini mwa Ufaransa.

Wafalme wa Ujerumani walipenda kuwapa maaskofu ardhi na madaraka kwa sababu askofu hana mtoto halali wa kumrithisha. Akifa, kiti kinabaki wazi. Ndiyo maana Engelbert, aliyechaguliwa kuwa askofu mkuu mwaka 1216, alikuwa na ngome, mahakama na askari. Mwaka 1218 kaka yake alifia vitani Damietta, Misri, naye akaichukua Berg pia. Mwaka 1220 Mfalme Frederick II, alipoelekea Italia kutawazwa kuwa Kaisari, alimkabidhi Engelbert mwanawe Henry, mtoto wa miaka 9, pamoja na utawala wa Ujerumani. Engelbert ndiye aliyemvika Henry taji huko Aachen tarehe 8 Mei 1222.

Sasa tufike Essen, maana jibu langu liko huko. Palikuwa na monasteri tajiri ya wanawake, na mlinzi wa mali zake alikuwa Friedrich wa Isenberg. Mlinzi huyo akawa ndiye anayewanyonya. Wanawake wale walilalamika kwa Papa na kwa Kaisari, na wote wawili wakamwagiza Engelbert awatetee. Friedrich alikuwa nani? Babu yake Friedrich na baba yake Engelbert walikuwa mtu na ndugu yake. Kwa hesabu yetu, Friedrich angemwamkia Engelbert kama baba yake mdogo! Na ndugu wawili wa Friedrich walikuwa maaskofu, mmoja Münster, mwingine Osnabrück. Ukoo mzima ungefurahi kama Engelbert angenyamaza.

Hakunyamaza. Yeye na Friedrich walikutana katika mji wa Soest kutafuta suluhu, bila mafanikio. Mtawa Caesarius wa Heisterbach, aliyeandika maisha ya Engelbert muda mfupi baadaye, anasimulia kwamba kabla ya kifo chake Engelbert aliungama dhambi zake kwa machozi mbele ya askofu wa Minden. Jioni ya tarehe 7 Novemba 1225, akiwa njiani kwenda kutabaruku kanisa huko Schwelm, watu wa Friedrich walimvizia karibu na Gevelsberg, mahali ambapo njia inapita kwenye bonde jembamba, wakamuua kwa majeraha mengi.

Caesarius hakumsifu kupita kiasi. Anakiri kwamba utakatifu ambao Engelbert alipungukiwa maishani aliupata katika kifo. Mimi nakubaliana naye. Engelbert alipenda madaraka, na kuitetea Essen kuliongeza nguvu zake pia, hilo nalijua. Lakini waliokuwa wakinyang'anywa walikuwa wanawake wasio na jeshi, na aliyewanyang'anya alikuwa damu yake, naye akasimama upande wao. Kwangu hilo latosha kumwita shahidi.

Friedrich alikamatwa, akauawa Köln tarehe 14 Novemba 1226 kwa kuvunjwavunjwa mifupa kwenye gurudumu. Ndugu zake maaskofu walivuliwa vyeo. Ngome yake ilibomolewa, na magofu yake bado yapo Hattingen, si mbali na ulipo. Ukipata nafasi, nenda ukayaone, kisha uniandikie.

Baba yako