Kadi ya shukrani kwa mwenyeji wako

Dada, kwa kuwa unataka kumtengenezea kadi mama aliyekualika chakula cha jioni mtaani South B, Nairobi, chukua karatasi ya manila ya ukubwa wa A4 na uipige mstari katikati kwa mgongo wa kisu kabla ya kuikunja, ili mkunjo unyooke. Urembo usikusumbue: kipande cha kitenge kutoka kwa fundi cherehani wa mtaani kinatosha, mradi gundi ipakwe kidogo, isije ikapenya kitambaa na kuacha madoa. Maneno ndiyo yenye uzito. Badala ya “asante kwa kila kitu”, itaje pilau yake, au namna alivyokuongezea chakula bila kukuuliza, na uandike kwa mkono wako. Mpelekee kabla wiki haijaisha.