Hichi kiwango cha kila kitu kimenichosha

Msomaji wa Malindi, mwenye kukodisha spika za harusi, anauliza: amenunua kipima sauti anataka kuwaandikia vijana wake karatasi ya maelezo yake kwa Kiswahili, sasa pale penye Hz 31.5 hadi kHz 8 aseme "kiwango cha masafa" ama "masafa ya kiwango"?

Masafa tu, basi, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, ndiyo hizo Hz, na kHz moja ni Hz elfu. Sema "kinashika masafa ya Hz 31.5 hadi Hz 8,000", umemaliza.

Lakini ndugu yangu umenitonesha kidonda, maana hayo maelezo uliyoniletea nimeyasoma mara mbili na damu ikanipanda: "Kiwango cha sauti ni kiwango cha dB 30 mpaka 130, kiwango cha usahihi ±1.5, kiwango cha kimataifa IEC 61672, kiwango cha 2." Mara tano! Na kila mahali kina maana nyingine, huyo kijana atajuaje kipi ni kipi? dB ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, na IEC 61672 ni kanuni ya tume ya kimataifa ya umeme juu ya vipima sauti. Neno lenyewe halina makosa, limetoka kwa kuwanga, yaani kuhesabu kwa Kiswahili cha zamani, ila tumelibebesha mpaka limepinda mgongo.

Nenda Shela kamuulize mvuvi kina cha maji, atakwambia "hapa pima nne", hakwambii kiwango cha kina ni kiwango cha pima nne, akisema hivyo chombo kitapanda mwamba kabla hajamaliza sentensi. Bibi zetu walikuwa na kibaba, pishi, shubiri, dhiraa, kila kipimo na jina lake, leo sisi wasomi tunarusha kiwango kama chumvi kwa kila chungu, redioni kiwango, kwa matangazo ya mkutano kiwango, hata homa ya mtoto ati kiwango cha homa kimepanda, si useme homa imepanda?

Haya, turudi. Hiyo ±1.5 maana yake mashini ikisoma dB 90 sauti yenyewe yaweza kuwa popote kati ya 88.5 na 91.5, kwa hivyo sema huweza kukosea hadi dB 1.5 juu au chini. Si kidogo hiyo, kwa sababu kila dB 10 zikiongezeka nguvu ya sauti imezidi mara kumi. Ile 2 ni daraja, na daraja la 1 ndilo kali zaidi. Ukiona dBA, herufi A yaonyesha mashini imezipunguza sauti nene za besi kama sikio la mtu linavyozipunguza.

Kiwango kiache kwa IEC peke yake, ndio kazi yake halisi, ndio maana tukaita Shirika la Viwango. "Kiwango cha sauti" nalo silipendi ila watu washalizoea, nalivumilia.

Andika hivi: "Hupima sauti kuanzia dB 30 hadi dB 130, hushika masafa ya Hz 31.5 hadi Hz 8,000, huweza kukosea hadi dB 1.5 juu au chini, ni cha daraja la 2 kwa kiwango cha IEC 61672." Mara moja tu, hesabu mwenyewe.